Ibn Tufayl, Mzee Aliyempisha Mwenziwe Mlangoni



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wake, rehema na amani zimshukie, twarejea kwenye baraza yetu ya kila juma. Tulikuwa tumekusudia leo kuendelea na maelezo ya haki za jirani. Lakini kuna barua iliyotufika mkononi, imeletwa na mtoto baada ya sala ya laasiri, na tangu tuisome hatujaweza kuiweka kando. Ameiandika mama mmoja ambaye hatutamtaja yeye wala mtaa wake. Kijana wake ana umri wa miaka 16, asubuhi yuko shule ya upili na jioni yuko chuoni. Siku moja aliuliza darsani: mtu akizaliwa kisiwani peke yake, asione mzazi wala mwalimu, asifikiwe na mtume wala kitabu, je, aweza kumjua Mungu kwa akili yake? Na asipomjua, ataulizwa? Maalim akamwambia kuwa hiyo ni falsafa, na falsafa ni mlango wa ukafiri, akamtoa nje mbele ya wenziwe. Kijana hajarudi chuoni tangu hapo. Mama atuuliza: mwanangu amekosa? Na hii falsafa ni kitu gani hata iwe yaogopwa namna hii?

Kabla ya kumjibu, yatupasa kukiri jambo. Miaka ishirini na kitu iliyopita, tulipokuwa tukisomesha, kijana mmoja alituuliza swali ambalo ni ndugu wa hili, nasi tukamwamuru afunge kinywa. Tulisema twamhifadhi na wasiwasi wa shetani. Ukweli ni kwamba jibu hatukuwa nalo, na tuliona haya wanafunzi wengine wasije wakajua. Hakurudi. Hata leo tukikutana naye sokoni hutuamkia kwa adabu zote, kisha huwa ana haraka.

Basi mama, swali la mwanao lina umri wa zaidi ya miaka 800, na kuna mwanachuoni aliyelitungia kitabu kizima. Jina lake ni Abu Bakr Muhammad ibn Abdil Malik ibn Tufayl. Ghazali twamjua, Ihya yake husomwa misikitini mwetu. Ibn Sina jina lake li katika vinywa vya waganga wetu wote. Ibn Rushd wengi wamepata kumsikia. Ibn Tufayl, mtu aliyesimama katikati ya hawa watatu, akarithi kutoka kwa wawili na kumfungulia mlango wa tatu, hatajwi ila kwa nadra.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 12, katika mji wa Wadi Ash ulio karibu na Granada, nchi ya Andalusi, ambayo leo ni Uhispania. Alikuwa tabibu, akawa katibu wa magavana, hatimaye akawa tabibu wa Khalifa Abu Yaqub Yusuf, wa dola ya Muwahhidun, aliyetawala Moroko na Andalusi kuanzia mwaka 1163 hadi 1184. Alifariki Marrakesh mwaka 1185. Katika maandiko yake yaliyobaki mna utungo wa tiba wenye beti zaidi ya 7,000, ambao nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya Qarawiyyin mjini Fas. Umetungwa kwa bahari ya rajaz, ile ile ya Alfiyya ya Ibn Malik iliyotutoa jasho sote tuliosoma nahau. (Ibn Malik naye alikuwa mtu wa Andalusi, wa mji wa Jayyan. Nchi ile ilikuwa na watu wa kutunga!) Sisi watu wa tenzi hatuna haja ya kuelezwa kwa nini tabibu autie utabibu wake katika shairi: kilichotungwa hushikika kichwani.

Lakini kitabu kilichompa jina ni kidogo, chaweza kusomwa baina ya magharibi na usiku wa manane. Chaitwa Hayy ibn Yaqzan, maana yake Aliye Hai mwana wa Aliye Macho. Jina hilo alilichukua kwa Ibn Sina, aliyekuwa na kisa chake chenye jina hilo hilo, lakini hadithi ni yake mwenyewe.

Yasema hivi. Katika visiwa vya bahari ya Hindi, chini ya mstari wa istiwai, yaani ikweta, palikuwa na mtoto asiye na watu. Ibn Tufayl aleta riwaya mbili za kufika kwake: wako wasemao alitokana na udongo uliochacha pale pale kisiwani, na wako wasemao mamake, dada wa mfalme aliyeolewa kwa siri, alimtia sandukuni akamwachia mawimbi kwa kuchelea maisha yake. Mwandishi hakuamua, na tutaona kuwa hiyo ni tabia yake. Hapa pia amejadili kuwa nchi za istiwai si za joto kali kama watu wa kwao walivyodhani, kwani jua huwapitia wakaaji wake utosini mara mbili tu kwa mwaka. Kwa hesabu ya jua amesema kweli. Angekaa nasi chini ya bati, saa saba za mchana, mwezi wa Machi, pengine angeongeza mstari mmoja.

Mtoto yule alinyonyeshwa na paa jike aliyepotelewa na mwanawe. Akalelewa naye, akajifunza sauti za wanyama, akajiona hana pembe wala manyoya, akajifunika kwa majani. Alipofika miaka saba yule paa akafa.

Hapa ndipo kitabu kinapomshika msomaji. Mtoto alimwita mamake kwa sauti aliyoizoea, hakuitika. Akamtazama macho, akamtazama masikio, hakuona ila. Akafikiri kuwa dhara limeingia mahali pasipoonekana, na kwamba akilipata ataliondoa na mama atainuka. Kwa mapenzi, si kwa udadisi wa bure, alimpasua kifua kwa mawe makali na vipande vya matete. Akaufikia moyo, akaukuta una vyumba viwili, cha kulia kimejaa damu iliyoganda, cha kushoto kitupu. Akasema nafsini mwake kuwa chumba kama hiki hakiwi bure, kilikuwa na mkaaji, na mkaaji huyo ameondoka. Tokea hapo akafahamu kuwa yule aliyempenda hakuwa kile kiwiliwili kilicholala mbele yake. Alikuwa yule aliyetoka. Akabaki hajui la kufanya na mwili, mpaka akaona kunguru wawili wakipigana, mmoja akafa, na aliyebaki akafukua ardhi akamzika mwenziwe. Msomaji anayekijua kisa cha wana wa Adam hahitaji kuambiwa mwandishi amekumbuka nini.

Swali la kwanza la falsafa katika kitabu hiki, basi, ni swali la yatima: mamangu amekwenda wapi? Tumewazika wazazi wetu sote wawili, na tunapofika ukurasa huo hatuwezi kuupita kwa haraka.

Kutoka hapo Hayy apanda ngazi, miaka saba baada ya saba. Auona moto na kuuzoea, ajenga ghala, awafuga ndege, atazama mimea na mawe, kisha ainua macho kwenye nyota. Anapofika kwenye mbingu akutana na swali gumu: ulimwengu huu ulikuwapo tangu na tangu, au ulikuwa haupo ukaumbwa? Kila upande aona una hoja zenye nguvu na pingamizi zenye nguvu. Akaa nalo miaka kadhaa. Mwishowe aona kuwa njia zote mbili zamfikisha mahali pamoja, kwamba yuko Muumba asiye mwili, naye ndiye ulimwengu unayemtegemea. Akaacha kubishana na nafsi yake, akashughulika na kumtafuta huyo Mmoja.

Tumelisimamia jambo hili kwa sababu. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichokimaliza mwaka 1095, aliwahesabia masuala 20, na katika matatu akawahukumu ukafiri: kusema kuwa ulimwengu ni wa tangu azali, kusema kuwa Mungu hajui mambo madogo madogo moja moja, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Lile la kwanza ndilo hilo Hayy alilokaa nalo kisiwani. Kwa hivyo halikuwa swali la mchezo. Mtu aliyelijibu vibaya mbele ya watu wabaya aliweza kupoteza cheo, vitabu, na kichwa.

Sasa tuingie Marrakesh. Kisa hiki amekihifadhi mwanahistoria Abdul Wahid al-Marrakushi, kutoka kwa mwanafunzi wa Ibn Rushd, naye kutoka kwa Ibn Rushd mwenyewe. Ibn Tufayl alikuwa na desturi ya kuwatafuta wenye elimu popote walipo na kuwaleta kwa Khalifa. Siku moja alimleta Ibn Rushd, mtu wa Cordoba, mjukuu wa kadhi na mwana wa kadhi. Alipoingia aliwakuta wawili tu, Khalifa na tabibu wake. Ibn Tufayl akaanza kumsifu mgeni, akataja nyumba yake na wazee wake, akamwongezea na sifa ambazo Ibn Rushd mwenyewe asema hakuwa akizistahiki. Khalifa akamuuliza jina lake na nasaba yake. Kisha, bila mlango, akamuuliza: wanafalsafa wasemaje juu ya mbingu, ni za tangu azali au zimeumbwa?

Ibn Rushd akashikwa na haya na hofu. Huyu ndiye ambaye baadaye Ulaya nzima ingesoma Aristotle kwa mkono wake, na siku ile alitoa udhuru, akakana kuwa anajishughulisha na falsafa. Hakujua wale wawili wamezungumza nini kabla yake.

Khalifa akamwona jinsi alivyo. Hakumlazimisha, wala hakumtoa nje. Alimgeukia Ibn Tufayl, wakaanza kuzungumza wao wawili juu ya swali lile lile. Khalifa akataja alivyosema Plato, alivyosema Aristotle, na pingamizi walizoleta wanachuoni wa Kiislamu. Ibn Rushd akastaajabu kumkuta mtawala na hifadhi kubwa namna ile. Wakaendelea hivyo, wakimlainishia mgeni mahali, mpaka ulimi wake ukafunguka naye akasema aliyo nayo. Alipotoka aliamriwa apewe mali, joho la heshima na mnyama wa kupanda.

Siku nyingine Ibn Tufayl alimwita Ibn Rushd, akamweleza kuwa Khalifa analalamika ugumu wa maneno ya Aristotle na wafasiri wake, na kwamba angependa apatikane mtu wa kuyafupisha na kuyaeleza. Akamwambia aifanye yeye kazi hiyo. Mwenyewe alijitoa kwa umri wake, kwa utumishi wake, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwenye jambo jingine. Ibn Rushd akasema hilo ndilo lililomsukuma kuandika zile sherehe zake. Zilitafsiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, na wasomi wa Ulaya wakawa hawamtaji kwa jina, wakimwita Mfafanuzi tu. Na mwaka 1182, Ibn Tufayl alipouacha utabibu wa Khalifa, aliyeshika nafasi yake alikuwa ni huyo huyo Ibn Rushd.

Vivyo hivyo kwa mwanafunzi wake mwingine, al-Bitruji, mwanafalaki. Huyu aliandika kuwa mwalimu wake Ibn Tufayl alikuwa amegundua mpango mpya wa mizunguko ya nyota, tofauti na ule wa Ptolemy, akaahidi kuuandika. Maandishi hayo hatunayo. Kilichobaki ni kitabu cha mwanafunzi.

Tumefikiri sana kwa nini mtu kama huyu amesahauliwa, na tumeona kuwa sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa ya kuandikwa. Alikaa mlangoni, akajua ni nani wa kuingizwa, akamsifu kabla hajanena, na hofu ilipomfunga mgeni ulimi, mazungumzo hayakukatika. Maktaba hazina rafu ya kazi kama hiyo.

Tusije tukamfanya malaika. Mwisho wa hadithi yake una jambo ambalo sisi hatulikubali. Hayy alipokuwa na miaka 50 alifikiwa na mtu wa kwanza, mcha Mungu aitwaye Absal, kutoka kisiwa cha jirani chenye watu na dini ya mtume. Absal alimfundisha maneno, amwonyesha kitu amtajia jina, amwonyesha kitu amtajia jina, mpaka akaweza kusema. Waliposimuliana, Absal akaona kuwa yote aliyoyapata Hayy kwa fikra hayapingani na yaliyoletwa na wahyi, na Hayy akamsadiki mtume yule, akashika sala na zaka na saumu. Kisha Hayy akaomba apelekwe kwa wale watu awafikishie hakika alizoziona. Akapelekwa. Wakampokea vizuri, kwani Salaman, sahibu wa Absal, ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Lakini kila alipovuka maana za nje nyoyo zilimkimbia. Mwishowe Hayy aliwataka radhi, akawaambia washike mwendo wa wazee wao, akarudi kisiwani kwake na Absal, na wote wawili wakaabudu huko mpaka kufa.

Ibn Tufayl yaonekana alitaka tujue kuwa si kila ukweli wabebwa na kila mtu, na kwamba sharia ndiyo iwahifadhio wengi. Katika hilo ana haki, na Ghazali alikwisha kulisema kabla yake. Lakini tazama tofauti. Absal alimfundisha Hayy neno moja moja, akionyesha kwa kidole. Hayy alipofika kwa watu alianza na kilele. Hatusomi kuwa alimwonyesha yeyote moyo wa paa wala chumba kilicho kitupu. Hatusomi kuwa alimuuliza mtu yeyote mamake amekwenda wapi. Aliwakatia tamaa mapema, na mwandishi akamwachia aondoke. Laiti mzee wetu angekumbuka alivyomkalisha Ibn Rushd kwa upole siku ile, angempa Hayy mwaka mmoja zaidi.

Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kilatini na Edward Pococke, mwana wa profesa wa Kiarabu wa Oxford, kikachapishwa mwaka 1671 pamoja na asili yake ya Kiarabu. Mwaka 1708 Simon Ockley alikitia katika Kiingereza kutoka Kiarabu. Miaka 11 baadaye Daniel Defoe akatoa hadithi yake ya mtu wa kisiwani, na wako wengi wanaohisi harufu ya Ibn Tufayl ndani yake. Hilo tunawaachia wenyewe wabishane.

Sasa mama, maswali yako. Falsafa ni neno la Kiyunani, maana yake kupenda hekima, na ndani yake mna mengi: mantiki, hesabu, tabia za vitu, maadili, na mazungumzo juu ya Mungu. Ghazali aliyewakosoa wanafalsafa ndiye yeye aliyeonya kuwa anayekanusha hesabu zao kwa jina la dini aidhuru dini. Hakuuchoma msitu kwa ajili ya miti mitatu. Kama mwanao amesema la kwanza, la pili au la tatu katika yale masuala, tutazungumza naye kwa hoja. Lakini hakusema lolote. Aliuliza.

Na alilouliza wanachuoni wamelijibu zamani. Wale wa madhehebu ya Ashari, ambayo ndiyo tuliyosomeshwa sisi wa pwani hii, wasema hapana wajibu juu ya mtu kabla ya kufikiwa na ujumbe. Katika Maturidi wako wasemao akili peke yake yatosha kumfunga mtu amjue Muumba wake. Ghazali ana kijitabu, Faysal al-Tafriqa, ambamo amewapa udhuru watu wa nchi za mbali wasiofikiwa na habari sahihi za Mtume. Maalim angeweza kufungua Suratul Israa, aya ya 15, akaisoma pamoja na darsa yake yote, na jioni ile ingekuwa ya kheri. Hatumlaumu sana. Huenda naye, kama sisi, aliona haya.

Kwa hivyo mwanao hakukosa. Twakuomba umlete kwetu Jumamosi baada ya laasiri, na maalim wake tumemwalika pia, naye amekubali kuja. Hatutamtaka kijana alirudie swali lake mbele yetu. Sisi na maalim tutalianza wenyewe, tusomeshane, tupingane panapopingika, na yeye atakaa pale na kahawa yake mpaka atakapopenda kusema. Asipopenda siku hiyo, kuna Jumamosi nyingine.

Yule mwingine, wa sokoni, hawezi kuitwa kwa barua. Ni mtu mzima sasa, ana watoto. Dukani kwake hufunga saa sita. Tutakwenda saa tano na nusu.